Saa Nne na Masaa Manne

Machi 9, Jumatatu

Mvua imeanza. Hadi saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshapokea vichwa vinne. Ndivyo tunavyosema kwenye chumba chetu cha dharura, "vichwa", kama vile watoto wenyewe wamebaki nyumbani. Mmoja kateleza kwenye ngazi, mmoja kaanguka kitandani, wawili wamegongana wakikimbilia ndoo inayokinga maji ya paa. Wote nimewapeleka kupigwa picha ya kichwa.

Mpiga picha, mwenye mashine yake mwisho wa korido, alinitazama juu ya miwani.

"Dada, tangu mwaka uanze umeniletea watoto sitini na mmoja. Sitini na mmoja wazima."

"Na wa sitini na mbili je?"

"Huyo namsubiri," akasema, akaenda kuwasha mashine.

Nyuma ya mgongo wangu wananiita Bi Picha. Najua. Naandika hapa ili ijulikane kwamba najua.

Machi 10

Vichwa vitatu. Picha tatu. Wazima.

Machi 12, Alhamisi

Tumeletewa daktari mpya wa kutusimamia. Umri wake na ndoa yangu ni sawasawa. Mimi ni tabibu wa chumba hiki mwaka wa ishirini na mbili, nimezika madaktari wakuu wawili na kuwaaga watano, sasa naletewa mtoto wa juzi anifundishe kichwa ni nini.

Na kweli kafundisha. Kabandika karatasi kubwa ukutani, juu ya beseni la kunawia. Anasema si kila kichwa ni cha picha. Mashine ina mionzi, na ubongo wa mtoto mdogo bado unakua, usimwagiwe mionzi bila sababu. Isitoshe, mtoto wa mwaka mmoja hatulii ndani ya mashine mpaka apewe dawa ya usingizi, na huo usingizi wa dawa ndio unaotuficha kile tunachokitafuta. Aliyepoteza fahamu, anayetapika tena na tena, aliyelegea au asiyejitambua, huyo apelekwe picha mara moja. Asiye na lolote aende nyumbani na mama yake aelezwe cha kuangalia. Wa katikati, yule wa kututia mashaka kidogo, tukae naye tumwangalie. Kwenye karatasi kaandika kwa kalamu nene: WAANGALIWE MASAA MANNE TANGU KUANGUKA.

Masaa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hiyo "ma" alinichapia viboko. Saa haina wingi wa "ma". Ni saa moja, saa mbili, saa mia. Nikachukua kalamu nyekundu mbele ya wote, nikakata MASAA MANNE, nikaandika juu yake SAA NNE.

Daktari akacheka. "Nimesahihishwa, Mama. Asante."

Nilitaka akasirike. Mtu asiyekasirika simwelewi.

Machi 13

Kila akiulizwa neno, jibu ni moja: "Tusubiri." Wauguzi wameshambatiza. Anaitwa Tusubiri.

Machi 17, Jumanne

Nyumbani baba watoto kaniambia kwa makusudi, "Mke wangu, nimekungoja masaa mawili." Namjua. Ananichokoza hivyo tangu tuoane. Nikampa chakula kimepoa.

Kazini nilikuwa na mtoto wa katikati. Nikamwangalia saa nne nzima kama karatasi inavyosema, akacheza, akanywa maziwa, akanivuta hereni. Kisha nikampeleka kwenye picha hata hivyo. Mzima.

Tusubiri hakunigombeza. Aliuliza tu, "Picha imekuonyesha nini ambacho macho yako hayakukiona?"

Nilikasirika siku nzima, kwa sababu jibu ninalo na sikumpa. Nitaliandika hapa. Miaka tisa iliyopita nilimruhusu mtoto aende nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu. Alirudishwa jioni akiwa na degedege. Akapasuliwa, akapona, sasa anacheza mpira na mama yake hunisalimia barabarani kwa furaha. Mimi ndiye nisiyepona. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Naogopa, basi. Ile mashine huniondolea hofu yangu mimi, na mtoto ndiye anayelala ndani yake.

Machi 19

Paa la chumba cha kuangalizia linavuja katikati ya vitanda viwili. Tumeweka beseni. Watoto wanalipenda kuliko dawa zote.

Machi 26, Alhamisi

Leo nimemwona Tusubiri asiyesubiri.

Mtoto wa miaka minne, kaanguka kutoka juu ya ukuta uliolowa. Baba yake alimleta mbio, akisema, "Katapika mara tatu, na ananiita mimi mama." Nilikuwa bado natafuta fomu. Daktari alishamnyanyua mtoto mikononi, yuko koridoni, anaita mpiga picha kwa sauti ambayo sikujua anayo. Damu ilikuwa imeanza kujikusanya ndani ya fuvu. Kabla ya saa nzima kupita mtoto alikuwa kwa daktari wa upasuaji.

Baadaye nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma, anakunywa maji, kikombe kakishika kwa mikono miwili.

"Na wewe huogopa?" nikamuuliza.

"Kila siku, Mama. Ndiyo maana nimeandika karatasi. Hofu yangu isinichagulie."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima.

Machi 30

Yule wa ukutani ameomba chakula. Kamwita baba yake baba.

Aprili 2

Tumepewa muuguzi mpya kutoka wodi ya wazee. Mwanamume wa makamo, mgongo umenyooka kama rula, kila agizo anataka liandikwe, na kilichoandikwa anakifanya hadi nukta. Wenzake wanamwita Kanali. Hajawahi kuwa askari hata siku moja. Alinisimamisha mlangoni kuniuliza kama "maji kidogo" ni vijiko vingapi. Nikamwambia atumie akili. Akaniambia, "Akili ninayo, Dada, nataka agizo."

Tutagombana huyu na mimi.

Aprili 7

Jana vichwa viwili vya katikati. Nimewaangalia, nimewaruhusu. Hakuna picha. Leo asubuhi nikawapigia simu mama zao wote wawili kabla sijavua koti la mvua. Wazima. Nimepata tabia mpya, naona.

Aprili 14, Jumanne

Naandika na mkono wangu bado mzito. Nianze mwanzo.

Saa tatu na nusu asubuhi aliingia bibi mmoja, mtoto mgongoni, mwavuli umevunjika bavu. Mtoto ni wa kike, mwaka mmoja na nusu. Mama yake yuko kazini, bibi ndiye analea. Maji ya mvua yaliingia ndani, bibi akamweka mtoto juu ya meza ili apige deki, na alipogeuka kukamua tambara akasikia kishindo. Saa tatu kamili, alisema, maana redio ya jirani ilikuwa ndiyo inaanza taarifa ya habari.

Mtoto alilia papo hapo. Hakutapika, hakuzimia. Lakini juu ya sikio la kulia kulikuwa na uvimbe laini. Nundu ya kwenye paji la uso haitutishi sana kwa mtoto mdogo. Ya ubavuni mwa kichwa tunaiheshimu. Mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anakigonga kiatu chake kimoja kwenye chuma cha kitanda. Cha pili kilipotelea njiani. Hakukubali kunyang'anywa hicho kilichobaki.

Wa katikati, kabisa. Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye fomu ya picha, huku nikimweleza bibi habari za mashine na dawa ya usingizi.

"Daktari," bibi akasema, "hiyo dawa ya usingizi haitamzidi? Mwenyewe ni kadogo hivi."

Nikatazama ukuta. Nikaona karatasi, na wino wangu mwekundu. Nikaacha fomu, nikachukua kadi ya mtoto, nikaandika: *Aangaliwe saa nne. Akiwa salama, aruhusiwe.* Nikampa Kanali, nikamweleza bibi akae atulie. Mara nikaitwa wodi ya watoto wachanga, mwenzangu kaugua ghafla. Nikaenda nikijisifu moyoni kwamba leo Bi Picha kashinda.

Nilirudi saa sita kasoro dakika kumi. Kitanda kitupu. Shuka limekunjwa pembe nne. Juu ya shuka, kiatu.

"Mtoto wa uvimbe yuko wapi?"

"Ameruhusiwa," Kanali akasema.

"Na nani?"

"Na wewe, Dada."

Nikaona giza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, mengine yalimhusu mama yake ambaye simjui. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama wima. Kisha akaenda mezani, akaleta kadi, akaweka kidole.

"Umeandika aangaliwe saa nne. Saa nne kamili nimemwangalia. Mboni sawa, anacheza, anakunywa. Alikuwa salama. Umeandika akiwa salama, aruhusiwe."

Nikasoma. Nikasoma tena. Yote yalikuwa mwandiko wangu, sarufi safi, hakuna kosa hata moja, na mtoto aliyeanguka saa tatu alikuwa ameruhusiwa saa nne. Angekuwa ameandika yule daktari, angeandika masaa manne, na hata mlinzi wa getini angeelewa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi sikuingia peke yangu, nilimtumbukiza na mtoto wa watu.

Simu ya bibi ilikuwa imezimwa. Daktari alikuja, akasoma kadi. Niliona macho yake yanataka kwenda ukutani, akayazuia. "Mimi nitapiga simu mpaka ishike," akasema. "Nyinyi chukueni gari la wagonjwa. Mkimkuta amebadilika hata kidogo, njooni moja kwa moja kwenye mashine. Naiweka tayari."

"Nakwenda peke yangu," nikamwambia Kanali.

"Mimi ndiye niliyemfungulia mlango," akajibu, akatia kiatu mfukoni, akapanda gari kabla yangu.

Kwenye daftari bibi alikuwa ameandikisha: nyuma ya duka la vyuma, geti la bluu. Tukafika nyuma ya duka la vyuma. Mageti yote ya bluu. Mtaa mzima, kushoto na kulia. Mwenye duka alitueleza kwa fahari kwamba aliwahi kupata mapipa ya rangi hiyo kwa bei ya kutupa na majirani wote wakafaidi. Sijawahi kuichukia rangi hivyo. Mvua ilikuwa inatandika. Kanali alishika upande wa kulia na mimi wa kushoto, tukawa tunagonga na kuuliza kama wauza sabuni. Kwenye kila geti nilimwona mtoto wa miaka tisa iliyopita. Nilijiambia nikimkuta huyu ana degedege naacha kazi leo hii, na sitamwambia mtu sababu.

Geti la saba, bibi mwenyewe akafungua, ana ufagio mkononi.

"Daktari? Mbona mmelowa hivyo, kuna nini?"

"Mtoto yuko wapi, Mama?"

"Kalala tangu saa tano. Pole pole basi, msimwamshe, kanisumbua."

Kalala. Neno zuri kuliko yote kwa mwenye mtoto, na baya kuliko yote kwangu leo. Nilipita na viatu vyangu vya matope juu ya sakafu aliyoipiga deki mara mbili. Mtoto alikuwa mkekani, kafunikwa kanga, mdomo wazi. Nikapiga magoti. Nikamwita. Hakujibu. Nikamgusa shavu. Kimya. Nikamkuna unyayo kwa ukucha.

Akafungua jicho moja. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanaoniamsha mimi. Kisha akanipiga teke la kidevu, akalia kilio cha hasira, kizima, chenye machozi, na akaanza kudai, "Tatu! Tatu!"

Simu ya bibi, kumbe, ilikuwa kwenye chaji kwa jirani. Yangu ikaita, daktari.

"Mmempata? Anafanya nini?"

"Kanipiga teke. Anasema tatu."

"Tatu nini? Mama, tafadhali, tusianze tena mambo ya saa."

Bibi akacheka hadi akashika ukuta. "Anataka kiatu chake. Kwake viatu vyote ni tatu."

Kanali akachomoa kiatu mfukoni, akakipangusa kwa leso, akampa kwa mikono miwili kama anamkabidhi nishani. Mtoto akanyamaza hapo hapo. Mimi ndiye niliyelia. Nililia mbele ya bibi wa watu, na Kanali, na dereva aliyechungulia mlangoni, na sikuona aibu.

"Nimwandalie picha?" daktari akauliza. Alikuwa bado kwenye simu. "Uko naye wewe, mimi simwoni. Amua."

Nikamtazama. Mboni zake sawa. Uvimbe vilevile, haujaongezeka, mfupa chini haujabonyea. Alitembea kutoka mkekani hadi kwa bibi bila kuyumba, akanywa kikombe cha maji, akanionyesha pua yake nilipomwambia aonyeshe. Ilikuwa saa sita na nusu mchana; alianguka saa tatu, imebaki nusu saa. Gari lilikuwa mlangoni, na mashine robo saa kutoka pale. Nikasubiri hofu yangu iseme, nayo ikasema, nami nikaisikiliza hadi mwisho kama Kanali alivyonisikiliza mimi.

"Tusubiri," nikasema.

Nikamsikia akimwambia mpiga picha asubiri. Kisha, "Sawa, Mama."

Tukakaa hadi saa nane, tukazidisha saa nzima kwa ajili ya moyo wangu. Bibi akatupa chai. Dereva akalala garini. Kanali alimwangalia mtoto kila robo saa, anaandika kwenye karatasi, na katikati mtoto akamvua kofia akaivaa. Nilimwambia bibi ukweli wote, kwamba kosa lilikuwa langu, na la neno gani.

Akafikiri. "Kwa hiyo wewe ulisema vizuri mno."

"Ndiyo, Mama."

"Basi siku nyingine sema vibaya kidogo, tuelewane."

Aprili 15, Jumatano

Nilipiga simu saa moja asubuhi. "Kaamka kabla yangu," bibi akasema. "Katupa tatu yake chooni."

Kwenye kikao walitaka kumpa Kanali barua ya onyo. Nikasimama nikasema barua hiyo iandikwe kwa jina langu, na nitaipokea. Ikaandikwa. Nimeipokea. Kanali hakuniambia asante, alinivutia kiti.

Halafu nilipanda kwenye stuli juu ya beseni la kunawia, nikakata SAA NNE kwa kalamu ile ile nyekundu, na kwa herufi kubwa nikaandika: MASAA MANNE. Chini yake nikaongeza: ANDIKENI SAA ALIYOANGUKA NA SAA YA KURUHUSIWA. Mikono ilikataa kwenye ile "ma", nikailazimisha. Baba, popote ulipo, nisamehe. Kulikuwa na mtoto.

Jioni niliwaambia nyumbani nimesimama kazini masaa kumi. Baba watoto kijiko kilimwanguka.

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Kula."

Aprili 29

Vichwa vinne vya katikati wiki hii. Watatu wameenda nyumbani. Mmoja alianza kutapika lisaa la tatu, tukampeleka picha bila kubishana: mzima, tumbo limemchafuka tu. Mpiga picha anasema amenimiss. Nimemwambia anunue kasuku.

Mei 6

Nimeona nimeandika "lisaa" hapo juu. Nimeliacha.

Mei 13

Bado nampigia bibi kila asubuhi. Najua hakuna sababu, mwezi mzima umepita. Daktari anajua pia. Bibi ananipa habari zote: jino jipya, paka wa jirani, geti wanataka kulipaka kijani.

Mei 21, Alhamisi

Jua, siku ya tatu mfululizo. Beseni la chumba cha kuangalizia limekauka na watoto wanalilalamikia.

Jana jioni niliruhusu mtoto wa miezi kumi na minane, kaanguka kitandani, uvimbe juu ya sikio, upande ule ule. Masaa manne. Alicheza. Bila picha. Nilikwenda nyumbani, nikala, nikamcheka baba watoto, nikalala. Asubuhi nilifua mashuka. Nilikuwa nakunywa chai kazini saa nne, saa nne ya kwenye saa ya ukutani, simu ikaita.

"Daktari," ni bibi, sauti ina wasiwasi. "Leo hukunipigia. U mzima?"

Nikaangalia saa. Sikuwa nimempigia yeye, wala mama wa yule wa jana. Sikuwa nimempigia mtu yeyote. Nilikuwa nimesahau.

"Mzima, Mama," nikamwambia. "Nimelala tu."